Mkono Uliosimama Mnadani

Nyumbani,
Alhamisi, alasiri.

Mwanangu Aikande,

Naomba radhi kwa ukimya wa siku kumi na moja. Najua kwamba radhi ya namna hii huombwa na mtu aliye mbali, aliyekosa nafasi ya kuandika au aliyepoteza anwani. Mimi sina sababu hizo. Tumelala chini ya bati moja na kula kutoka sufuria moja, na katika siku hizo zote nimekuambia mambo matatu tu: kwamba ng'ombe hajanywa maji, kwamba ufunguo wa stoo uko juu ya kabati, na kwamba chai inapoa. Hilo la chai nililisema mara mbili.

Sasa umeshuka Kiboriloni kumuaga shangazi yako, na kesho asubuhi utapanda basi kwenda Morogoro, kama utakubali kulipanda. Nina saa tatu kabla hujarudi. Shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka kwake kabla hajala mara mbili, kwa hiyo huenda nina saa nne.

Utaona kwamba mwandiko huu si wangu. Herufi zinashuka chini ya mstari, na nyingine zimelala kabisa. Kwa miaka thelathini na mitatu nimewarudishia watoto wa watu madaftari yenye mwandiko bora kuliko huu, nikiwa nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: Rudia. Naomba wewe usinirudishie. Mwandiko huu una sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufunga mlango, wala za watu wa kuketi nao ndani ya basi. Una miaka ishirini na minne, na hayo nimekwisha kuyasema mara nyingi kiasi kwamba ukiyasahau itakuwa kwa makusudi. Nataka kukueleza habari za kifundo cha mkono wangu wa kulia, ambazo nimekuficha kwa mwaka mmoja na nusu. Nataka pia kukueleza jinsi nilivyozificha, maana nilizificha vibaya.

Maumivu yalianzia upande wa kidole gumba. Nilipokamua, yalikuja. Niliposhika mundu kukata majani ya ng'ombe, yalikuja. Msimu wa kahawa ulipofika, nikaanza kuzungusha mpini wa mashine ya kumenyea, yalikuja na hayakuondoka. Nilijiambia kwamba ni baridi. Huku kwetu juu, baridi hutupiwa lawama zote, nayo haijawahi kujitetea.

Kazi ya kwanza ilikuwa salamu. Unajua msimamo wangu kuhusu mkono wa kushoto. Nimewahi kumrudisha mtoto wa darasa la pili mlangoni mara nne kwa sababu alinipa chaki kwa mkono huo. Nisingeweza kumsalimia mtu nao, na wa kulia haukutaka kushikwa, hasa na Mzee Nderingo, mzee wetu wa kanisa, ambaye humshika mtu mkono kana kwamba anapampu maji. Basi nikawa nakwenda ibadani nikiwa nimekumbatia Biblia, kitabu cha nyimbo, mkoba na mwavuli, vyote kifuani, ili pasibaki mkono wa kusalimia. Mama Ndeshi wa ng'ambo ya mfereji alinitazama Jumapili tatu, ya nne akaniuliza, "Mwalimu, unahama?"

Kisha kulikuwa na mtori. Kuponda ndizi zilainike kunahitaji kifundo kizima, na mimi nilikuwa naponda kidogo na kuacha. Ulilalamika kwamba mtori una mabonge. Nikakuambia kwamba ndivyo watu wa Rombo wanavyoupika na kwamba ni vizuri kujifunza desturi za wenzetu. Nakiri sasa kwamba watu wa Rombo hawana kosa lolote.

Baadaye nilichukua rula yangu ya darasani, ile ya mbao, nikaikata katikati kwa msumeno, nikakiweka kifundo katikati ya vipande viwili na kukifunga kwa utepe wa kanga kuukuu. Nikaingia zizini hivyo. Ng'ombe alidhani nimemletea kitu cha kula, akauvuta utepe wote akaumeza, na vipande vya rula vikaangukia kwenye samadi. Ulipouliza rula iko wapi, nilisema nimemwazima mwinjilisti. Ulipouliza mwinjilisti ana kazi gani na rula, nilisema ni mambo ya usharika. Katika maisha yangu yote nimekemea uongo, na sasa naona kwamba nilikuwa nawakemea watu walionizidi ustadi.

Ndipo nilipoamua kununua kile kitu cha kufunga kifundo ambacho wauzaji hukiita sapoti. Jina hilo silipendi, lakini nimetafuta jingine kwa siku tatu sikulipata, kwa hiyo nitalitumia.

Ningeweza kwenda duka la dawa mjini na kuuliza. Lakini katika duka la dawa watu hupanga foleni, na aliye nyuma yako husikia ugonjwa wako na kuupeleka nyumbani kwake. Nikaona heri soko la Kiboriloni, kwenye mitumba, ambako mtu hununua na kuondoka. Nikaona meza yenye mikanda, viatu vya mpira na sapoti za kila namna. Mwenye meza akainua uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa Godlisten, niliyemfundisha miaka minne. Sasa ni baba wa watoto wawili.

"Marahaba. Hivi ni vitu gani?"

"Hizi ni sapoti, Mwalimu. Hii ya goti, hii ya kiuno, hii ya mkono. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nina ndugu yangu Tarakea."

"Pole yake. Ni mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Sikumwuliza."

"Mkono wake mnene au mwembamba?"

"Wa kawaida."

"Tumpigie simu basi, tumwulize."

"Hana simu."

"Mtu wa Tarakea, Mwalimu? Kule kila mtu ana laini mbili, ya huku na ya Kenya."

Nilimwambia kwamba maswali yake ni mengi kuliko aliyokuwa anauliza darasani. Akacheka, akasema nijaribu mimi mwenyewe ili tukadirie. Nikamjibu kwamba sijaribu vitu vya watu wengine. Nikachukua ya kwanza iliyokuwa mbele yangu, nyeusi, kubwa, yenye kibamba cha chuma ndani na mikanda mitatu, nikaitia mkobani bila hata kuifungua. Niliichagua kama mtu anavyochagua kitu cha kuiba.

Nyumbani nilifunga mlango wa chumba. Kile kitu kilikuwa kimeshonwa kwa ajili ya mkono wa kushoto wa mwanamume anayepakia magunia. Mimi nikakigeuza upande wa pili ili kikae mkono wa kulia, na kwa kuwa kilikuwa kimegeuzwa, kile chuma kikausukuma mkono wangu nyuma, kiganja mbele, vidole juu, kama trafiki anayesimamisha lori. Nikadhani ndivyo tiba ilivyo. Nimezoea kuamini kwamba kitu kinachosumbua kinafundisha.

Mikanda yake hunasa yenyewe, na ukiibandua hutoa sauti ya nguo inayochanika. Jioni moja uliniuliza ukiwa jikoni, "Mama, unachana nini huko?" Nikasema magazeti. Hatujawahi kuwa na magazeti katika nyumba hii tangu baba yako alipotutoka.

Sasa tufike Jumapili ile.

Asubuhi nilikuwa nimekamua, na mkono ulikuwa unawaka. Nikaivaa sapoti, nikaifunika kwa shali, nikakaa mwisho wa benchi. Ibada ilikwenda vizuri. Lakini ilikuwa Jumapili ya mavuno, nami katika maumivu yangu nilikuwa nimesahau mnada. Tulipotoka nje, walioleta mazao badala ya fedha walikuwa wameyapanga kwenye ngazi, na Mzee Nderingo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu akiwa na jogoo mwekundu kwapani. Wewe ulikuwa na kwaya, upande wa kulia. Mimi nilisimama mbele, kwa sababu wazee hupishwa mbele. Nikaukunja mkono kifuani. Shali ikateleza.

"Jogoo huyu ni wa elfu ngapi? Nani ana elfu tano? Haya, Mwalimu ana elfu tano."

Niligeuka nyuma kuona ni mwalimu gani.

"Mwalimu anatazama nyuma kama yupo wa kumshinda," akasema Mzee Nderingo, na watu wakacheka.

"Elfu sita," akasema Mama Ndeshi.

"Elfu sita kwa Mama Ndeshi. Mwalimu je? Mkono bado uko juu. Elfu saba kwa Mwalimu."

"Elfu nane."

"Mama Ndeshi, una ugomvi na Mwalimu? Mwone, hata hatikisiki. Elfu tisa."

Ni kweli sikutikisika. Nisingeweza. Mkono wote nikiuteremsha, kifundo kilizidi kuwaka, na ili kukishusha kiganja ningelazimika kuibandua mikanda mitatu mbele ya usharika mzima, kila mmoja na sauti yake, kisha kueleza. Nikapima kati ya kueleza na kununua jogoo, nikanunua jogoo.

Kisha nikajiona mwerevu. Unajua kwamba mwenye moyo hukirudisha alichonunua ili kiuzwe tena kwa faida ya kanisa. Nikasema kwa sauti, "Namrudisha." Watu wakapiga makofi. Mzee Nderingo akamwinua jogoo upya, akatazama umati, akaniona.

"Mwalimu amemrudisha, na Mwalimu anamtaka tena. Wapendwa, huo ndio upendo."

Hivyo ndivyo nilivyomnunua jogoo mmoja mara mbili. Baada yake nikanunua mkungu wa ndizi, na sisi tuna migomba pande zote nne za nyumba. Nikanunua na boga. Mchungaji akasimama, akamshukuru Mungu hadharani kwa ajili ya wazee wanaotoa bila kunung'unika. Usharika wote ulikuwa unanitazama usoni kwa heshima. Mtu mmoja tu hakunitazama usoni. Ulikuwa mstari wa mbele wa kwaya, na ulikuwa unautazama mkono wangu.

Tulipanda kilima, wewe na mkungu kichwani, mimi na jogoo kwapani, boga tukiwa tumeliacha kwa mwinjilisti. Tulipofika kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la urithi, pale ulipopandwa mmea wa isale, ulitua mkungu.

"Mama, huo mkono umeanza kuwa hivyo lini?"

"Mkono gani?"

"Huo unaosalimia ndege."

"Ni jambo la muda."

"Tangu lini?"

"Tangu kahawa."

"Kahawa ya mwaka huu au ya mwaka jana?"

Nikamhamishia jogoo kwapa la pili, nawe ukajua jibu. Ukasema, "Basi mimi siendi Morogoro."

"Utakwenda."

"Nani atakukatia majani?"

"Nilikata majani kabla hujazaliwa."

"Ulikuwa na mikono miwili."

Hapo ndipo nilipofunga mdomo, na hujanisikia tena ila kwa habari za chai.

Ulidhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia. Nilikuwa nakumbuka kitu, na kilikuwa hakisemeki, kwa hiyo naandika.

Ulikuwa darasa la tano, katika chumba changu. Niliwapa insha ndefu. Katikati ulinyosha mkono ukasema, "Mwalimu," maana nilikuwa nimekuagiza usiniite mama shuleni, "mkono wangu umechoka." Nami nikakujibu mbele ya wote, "Mkono hauchoki. Anayechoka ni mvivu aliyeushika." Darasa likacheka. Ukainama, ukaandika hadi mwisho. Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi na sahihi, na nikaitumia katika madarasa mengine kwa miaka mingi.

Tangu siku ile hujaniambia tena kwamba unaumwa. Ulipokuwa unajifunza cherehani, pasi ya mkaa ilikuunguza, nami nikajua siku ya tatu, kwa sababu nilikuona unakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nilipokuuliza ulisema, "Si kitu." Nikaona fahari. Nikavuka mfereji kumwambia Mama Ndeshi kwamba Aikande wangu hana deko. Alikuwa anapembua maharage. Akasema bila kuinua uso, "Au hana wa kumdekea." Sikumsalimia kwa wiki nzima. Unaona kwamba ukimya ni ugonjwa wangu wa zamani, nao hauna sapoti.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya huko kiwandani uendako. Utakaa kwenye mashine katika safu ya wanawake, utashona kola moja ileile kutoka asubuhi hadi jioni, na siku moja kifundo chako kitasema. Siku ya kwanza kitasema kwa sauti ndogo. Ninachokiogopa ni kwamba utakijibu kwa sentensi yangu. Naifuta. Ilikuwa fupi lakini haikuwa sahihi, na kama ningeiona katika daftari la mtoto leo ningeandika pembeni: Rudia.

Juzi Jumanne uliniona nikishuka mjini, ukadhani nafuatilia kiinua mgongo, nami nikakuacha udhani hivyo. Huo ndio uongo wa mwisho katika barua hii. Nilikwenda hospitali, kwa wale wanaoshughulikia viungo. Nilipokelewa na binti wa umri wako, mwenye mikono laini na macho yasiyoogopa wazee. Nikaitoa sapoti mkobani. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii ni ya mkono wa kushoto."

"Nimefahamu baadaye."

"Na uliivaa nyuma mbele."

"Hilo sikufahamu."

Akageuka dirishani kwa muda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilimsubiri, kwa sababu nimewasubiri wengi wamalize kucheka.

Kisha akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu kwamba nimestaafu, sifanyi kazi.

"Unakamua?"

"Mara mbili kwa siku."

"Majani ya ng'ombe?"

"Mizigo miwili. Mitatu wakati wa kiangazi."

"Na kahawa?"

"Ikiiva."

"Mama, basi mimi ndiye nimestaafu."

Alinipima kifundo kwa utepe, akaniambia kwamba sapoti hainunuliwi kwa macho, hununuliwa kwa kipimo cha mkono utakaoivaa. Akanivalisha moja yenye kibamba, ya mkono wa kulia, na mkono wangu ukakaa umenyooka kama unavyokaa mezani. Nilikaribia kulia kwa nafuu, nikakohoa badala yake. Akaniambia nikunje vidole, vikakunjika vyote. Akapitisha kidole chake kimoja chini ya mkanda, akasema kisipopita nimekaza mno, na nikisikia ganzi nilegeze, nisijifanye shujaa. Sijui nani alimwambia.

Akanivalisha na ya pili, laini, isiyo na chuma, inayobana tu kama soksi. Nikamwuliza ipi ni bora. Akasema hakuna iliyo bora, ila kila moja ina kazi yake. Ile laini nitaivaa nikifagia na kupika, na naweza hata kukamua nayo, lakini kifundo kitatulizwa tu, hakitapumzika. Ile ya chuma itakipumzisha, ila nikiivaa siwezi kukamua wala kushika mundu kwa wiki kadhaa, na hata hiyo nisiivae kutwa nzima mwaka mzima, maana mkono unaoshikiliwa daima husahau kujishika. Akaniazima zote mbili nizijaribu. Akaniambia, "Ukichagua, Mama, uchague na kazi pia."

Nimeandika barua hii yote nikiwa nimevaa ya chuma. Sasa unajua habari za mwandiko.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilifungua kapu lako la nguo kutia sabuni, nikakuta ya tatu. Nilikaa kitandani kwako nikaitazama. Umeishona kwa kitambaa cha buluu cha sare za shule, ndani umeweka pamba laini, umeacha tundu la kidole gumba, na ni ya mkono wa kulia. Ina mfuko, na ndani ya mfuko kuna nusu ya rula yangu, kutoka kumi na tano hadi thelathini. Umeiosha vizuri. Kwa hiyo uliijua habari ya mwinjilisti tangu zamani, na hukuniambia.

Nimejaribu mishono kwa ukucha. Sikupata pa kuandika kwa wino mwekundu.

Tena nakiri jambo moja. Ijumaa iliyopita, niliposinzia kwenye kiti na wewe ukaja na utepe wa kupimia, sikuwa nimelala. Uliuzungusha kifundoni, ukasoma namba, kisha ukauacha mkono wako hapo kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Nilifumba macho ili usiuondoe.

Basi nina sapoti tatu na mkono mmoja, na jambo ninalopaswa kuliamua si kitambaa. Nikichagua chuma, itabidi ng'ombe avuke mfereji aende kwa Mama Ndeshi, yeye achukue maziwa na samadi, ndama abaki wangu, kama wazee wetu walivyokuwa wakipeana mifugo. Nimezungumza naye jana. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, jambo lililonitia shaka. Ninachohofia ni kwamba ng'ombe atatoa maziwa mengi zaidi kwake, na Mama Ndeshi ataueleza usharika wote. Nikichagua laini, ng'ombe atabaki, na mkono utabaki kama ulivyo, na mtori utaendelea kuwa wa Rombo. Ya kwako sijui bado niiweke wapi. Ina rula ndani, kwa hiyo ina ukali wangu, na ina pamba, ambayo haikutoka kwangu.

Sitakudanganya kwamba nimekwisha kuamua. Bado natafuta njia ya kuchagua chuma na kukamua vilevile, na ninajua kwamba haipo.

Ndani ya bahasha hii utakuta jani la isale. Nimelikata pale pale ulipotua mkungu, nikalifunga fundo kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo ni baya. Wewe unajua maana yake, na unajua kwamba anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama anayeomba msamaha ni mkaidi. Naomba msamaha kwa sentensi ya darasa la tano, kwa siku tatu za pasi ya mkaa, kwa mwaka na nusu wa mkono na kwa siku kumi na moja za chai. Nimelitumia jani moja kwa yote hayo kwa sababu mmea wenyewe ni mdogo.

Na kwa kuwa huwezi kulikataa, nakuomba upande basi. Si kwa sababu mkono wangu ni mzima. Hauko mzima, nimekuambia ulivyo, na Mama Ndeshi anaujua, na yule binti wa hospitali ameuandika. Ulisema huendi kwa sababu ulikuwa peke yako uliyeujua. Sasa tuko wengi mno, na kufikia Jumapili tutakuwa usharika mzima, maana nimemwambia Mzee Nderingo mwenyewe. Aliutazama mkono wenyewe, juu na chini. Kisha akauliza kama nataka kumrudisha jogoo.

Jogoo atabaki. Anawika saa tisa usiku, na nimemlipia mara mbili. Atakungoja hadi utakaporudi Desemba kula Krismasi, na nitakuachia wewe umchinje, kwa kuwa mimi na yeye tumepitia mengi.

Nina ombi moja la mwisho. Kila mwisho wa mwezi nitumie kipande kidogo cha kitambaa, chochote, chenye mshono mmoja mrefu ulioushona kwa mkono, bila mashine. Nimeitazama mishono yako tangu ukiwa na miaka kumi na miwili. Sindano ikianza kuchoka nitaiona, hata kama barua yako itasema si kitu.

Mimi nami nikishaamua kuhusu sapoti na ng'ombe, nitakuandikia. Nitavua zote, nitaandika kwa mkono mtupu, kurasa mbili kamili. Usianze kwa kusoma maneno. Tazama kwanza kama herufi zimekaa juu ya mstari.

Mama yako.